Kaimu Mtoto

Mdogo wangu ndiye aliyeachana na mke wake. Mimi sikuachana naye. Naliweka hili mbele mapema kwa sababu wapo waliotaka nimkatae wifi yangu, eti ndiyo heshima ya ukoo. Niliwajibu kwamba talaka ile haikuandikwa jina langu, kwa hiyo wifi ni wifi mpaka mmoja wetu azikwe, na shangazi ni shangazi hata akishazikwa.

Walipoachana walikuwa watu wazima hovyo, wote wawili. Siku moja kila mmoja alidhani ni zamu yake kumchukua mtoto shuleni, wakakutana getini. Mdogo wangu akashika mkono wa kushoto, wifi wa kulia, wakamvuta kama shuka linalokamuliwa, walimu wanatazama, watoto wenzake wanatazama. Mtoto mwenyewe tunamwita Chiriku, maana huanza kuongea kabla hajafumbua macho. Siku hiyo hakutoa hata neno. Mwalimu mkuu akapeleka taarifa, na serikali, ambayo sisi tuliililia maji ya bomba mpaka makoo yakakauka, kwa hili ilifika siku ileile. Ikaamriwa mtoto akae kwa mama yake, na baba asimwone wala asimtumie salamu mpaka apite Ofisi ya Kurudisha Undugu.

Ofisi ile naijua tangu haijawa ofisi. Ilikuwa ghala la sabuni. Sabuni zikaibwa na wenye funguo, akafungwa mlinzi asiye na funguo. Wengine wamesahau, mimi sijasahau. Baadaye ikawa ofisi ya mifugo, na mpaka leo pale mapokezi upo mzani wa kupimia ndama, wameufunika kitambaa cha meza na kuweka ua la plastiki juu yake. Ukutani wameandika kwa rangi nyekundu: WAGOMBANAO NDIO WAPATANAO. Nilimwuliza mlinzi, "Sasa kama ni hivyo, ninyi hapa kazi yenu nini?" Akanitazama kama mtu aliyekumbuka ghafla kwamba ana watoto wanaokula.

Mdogo wangu ni fundi makochi. Mtaani wanamwita Sponji, kwa kazi yake na kwa moyo wake pia: ukimbonyeza anabonyea, kisha anarudi taratibu alivyokuwa. Siku ya kwanza alipoitwa pale nilimsindikiza. Alivaa shati lililopigwa pasi, na mkononi alikuwa na takia dogo la mahameli ya buluu alilomshonea mwanawe. Alilipapasa njia nzima kama mtu anayebeba paka. Tukakaa katika chumba chenye meza na viti vya plastiki, tukasubiri Chiriku aletwe.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mzee.

Alikuwa na upara, ndevu nyeupe, tai, na mgongoni begi la shule lenye picha ya sungura.

"Shikamoo, baba," mzee akasema.

Mdogo wangu akaruka kutoka kitini, akainama kwa adabu zote alizofundishwa na marehemu mama yetu. "Shikamoo, mzee."

"Kosa," ikasema sauti kutoka pembeni.

Alikuwa Mkuu wa ofisi, mwanamke mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na penseli mkononi. Akatueleza kwa upole, kama tunavyowaeleza watu bei iliyopanda. Huyu aliyeingia ni Kaimu Mtoto. Mzazi aliyetengana na mwanawe hawezi kukabidhiwa mtoto mwenyewe hivihivi. Lazima kwanza afanye mazoezi na kaimu. "Mmeshaona dereva anapewa basi lenye abiria siku ya kwanza?" akauliza.

"Na mtoto wetu yuko wapi?" nikauliza.

"Naye anafanya mazoezi, kwa siku zake. Ana Kaimu Baba. Mkishaiva pande zote mbili, undugu utarudi."

"Huyu Kaimu Mtoto ana umri gani?"

"Kikazi ana miaka kumi na mmoja."

"Na kiuzazi?"

"Anakaribia kustaafu."

"Sasa kwa nini msiweke kijana, jamani?"

Mkuu akashusha miwani ya kichwani, akaiweka juu ya ile ya machoni, akanitazama kwa zote. "Mama, vijana hawana uzoefu wa utoto."

Nilitaka kuinua meza ile. Mdogo wangu akanishika mkono. "Dada, tafadhali. Nataka kumwona mwanangu." Nikakaa. Lakini jua kwamba nilikaa kwa ajili yake, si kwa ajili yao.

Basi ikawa kila wiki tunakwenda. Na kila wiki mdogo wangu anaanguka mtihani palepale, kwenye salamu. Kaimu Mtoto anaingia na sungura wake, anasema shikamoo baba, na Sponji anatakiwa kuitika marahaba. Hawezi. Mtu mwenye umri wa baba yetu! Ulimi unamgeuka kinywani kama samaki anayekataa ndoano, na kinachotoka ni shikamoo. Wakati mwingine wote wawili wanabaki wameinamiana, hakuna wa kuinuka kwanza, na Mkuu na penseli yake: kosa, kosa, kosa.

"Wewe sema tu," nilimfokea tukiwa njiani. "Neno lenyewe halikuchubui!"

"Dada, mama angenizaba kofi."

"Mama amekufa!"

"Angefufuka."

Akawa anafanya mazoezi karakanani kwake. Nilimkuta amesimama mbele ya kochi kuukuu la hakimu mmoja, kochi lililotoka sponji kila mahali kama mzee mwenye nywele masikioni, akiliambia, "Marahaba. Marahaba, mwanangu." Kwa kochi aliweza.

Muda nao ulikuwa unatuponyoka. Wifi yangu ni msusi, na alikuwa amepata saluni kubwa katika mji mwingine; shule zikifungwa, anahama na mtoto. Na kanuni ya ofisi ilikuwa kwamba familia ikihama kabla haijaiva, faili linafunguliwa upya huko inakokwenda, mazoezi yanaanza upya, na nani ajuaye kaimu wa huko ana ndevu za namna gani. Hilo ndilo lililomkosesha mdogo wangu usingizi. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hakungoji. Ukimkosa sasa, utakuja kumpata mtu mwingine mwenye jina lilelile.

Habari za kuhama nilizipata kwa wifi mwenyewe, maana mimi nasukwa kwake, na amri haikutaja nywele. Nilikwenda Chiriku akiwa shuleni, ili mtu asije akasema nimebeba salamu.

"Wifi," akaniambia huku akinivuta utosi, "mwanao ana baba mwenye hereni."

"Umeolewa?"

"Niolewe na nani, na kelele zote hizi? Nakwambia Kaimu Baba. Ni yule binti wa mapokezi. Kaimu Baba mwenyewe alihamishwa, nafasi haijajazwa, kwa hiyo binti anakaimu kaimu. Wamemvika koti."

"Na Chiriku anasemaje?"

"Anamfundisha! Kamwambia baba yangu hakai mahali bila kubonyeza kwanza aone springi. Sasa yule binti hakai bila kubonyeza. Wiki iliyopita kabonyeza benchi la mbao." Akacheka, kisha mikono ikatulia kichwani mwangu. "Mtoto anamfundisha mtu baki kuwa baba yake, wifi. Anakohoa kama baba yake, anamwonyesha. Mimi nakaa pembeni natazama."

"Bado una hasira na mdogo wangu?"

"Ninayo. Lakini ni yangu. Mtoto sikumrithisha." Akanivuta msuko mpaka nyusi zikapanda. "Mwambie aitike hiyo salamu. La, usimwambie. Usimwambie nimesema."

Sikumwambia. Na wala haikuhitajika. Wiki iliyofuata Kaimu Mtoto aliingia, akafungua kinywa, begi likamteleza begani. Akainama kuliokota, na mgongo ukagoma. Akabaki amejikunja hapo kama kisu cha mfukoni, jasho likimtoka uparani. Hata hivyo, alikuwa mtumishi mwaminifu; akasema akitazama sakafu, "Shikamoo, baba. Aa! Mgongo!"

Sponji alimfikia kabla Mkuu hajainua kichwa. Akamkumbatia kiunoni, akamlaza juu ya meza, akaweka lile takia la buluu chini ya shingo yake na kuanza kumbonyeza mgongo kwa vidole vinavyojua springi ipi imelegea. "Marahaba, mwanangu," akasema, bila hata kujua anachosema. "Marahaba. Pumua. Usiogope, baba yupo."

"Amepita!" Mkuu akapiga kelele kutoka kona yake.

Mimi nilitazama uso wa yule mzee pale mezani. Alikuwa amefumba macho, na hakuwa na haraka ya kuinuka.

Kuanzia hapo mambo yakaenda kama gari lisilo na breki. Kaimu Mtoto aliomba viatu vya shule. Aliomba aruhusiwe kwenda kuogelea. Alinuna, na aliponuna alinuna kweli, midomo mbele, ndevu zinatetemeka. Kisha akafika kwenye swali ambalo ofisi ile humwekea kila mzazi: "Baba, kwa nini wewe na mama mliachana?" Sponji alinyamaza. Kila wiki aliulizwa, kila wiki alinyamaza, na Mkuu akasema si neno, kunyamaza ni jibu la wazazi wengi, alama anapata.

Na Jumamosi moja mzee akatokea karakanani, begi mgongoni.

"Baba, nimekuja."

"Mzee," nikamwambia, "leo si siku ya kazi."

"Najua, shangazi."

Shangazi! Mtu ambaye angeweza kunibeba mgongoni nilipokuwa nanyonya! Nilivuta pumzi nimpe yake, lakini alikuwa ameshakaa chini, ameshachukua koleo, anang'oa misumari ya zamani kwenye fremu ya kochi. Akazungumza na ile misumari. Alisema kazini amekuwa mtoto wa watu wengi, wakishaiva wanaondoka. Kwao, baba yake aliondoka kwenda kutafuta maisha, akayapata, hakurudi. "Sijawahi kumwita mtu baba nje ya saa za kazi," akasema. Sponji akamsogezea kikombe cha chai na kipande cha mkate. Jumamosi iliyofuata akaja tena, na iliyofuata. Takia la buluu lilikuwa limeshakuwa lake. Analikalia, akiondoka analitia begini. Nilimwambia mdogo wangu, "Unalea mkubwa wako!" Akajibu, "Mikono yangu imeshazoea, dada." Na mimi nikaona hatari pale, ingawa sikujua kuiita jina gani.

Jina la hatari ile nililijua siku ya mahafali.

Naam, mahafali. Siku chache kabla shule hazijafungwa, ofisi ilipamba ukumbi kwa maputo, ikamleta mgeni rasmi mwenye tumbo la kazi, ikatupanga safu mbili na njia katikati. Upande wetu nilikaa mimi, Sponji na Kaimu Mtoto. Upande wa pili alikaa wifi, na binti mwenye koti kubwa na hereni, na kati yao Chiriku.

Alikuwa amerefuka. Mikono ya gauni ilikuwa imemkimbia mpaka karibu na viwiko. Alitutazama, na mdogo wangu alitazama, na hapakuwa na umbali wowote pale. Mtu angeweza kurusha ganda la karanga likafika. Lakini mwenye kuvuka ile njia bila idhini anarudishwa mwanzo, na mdogo wangu alikuwa ametoka mbali mno kurudi mwanzo. Akakaa juu ya mikono yake.

Mkuu akatangaza kwamba familia yetu imerudi asilimia mia. "Baba na Mtoto!" akaita. Sponji na mzee wakaenda mbele, makofi, picha. "Mtoto na Baba!" Chiriku akaenda mbele na binti wa mapokezi, makofi, picha. Binti alipokwenda kukaa, akabonyeza kiti.

"Faili limefungwa," Mkuu akasema.

Sponji akasimama. "Samahani, Mkuu. Na mwanangu?"

"Si huyo umemshika mkono?"

Mdogo wangu akatazama mkono wake. Kweli. Alikuwa amemshika mzee.

"Nasema yule. Yule pale."

"Yule mwingine ni shauri jingine," Mkuu akasema. "Mtafungua faili huko wanakohamia. Mtaanza na mazoezi."

Hapo nilipanda juu ya kiti. Nilisema yote. Nilianza na sabuni, nikaja kwenye maji ya bomba, nikapita kwenye mzani wa ndama na kuwaambia kuwa ofisi ya mifugo ilikuwa na akili zaidi, maana hakuna ng'ombe aliyewahi kuambiwa amnyonyeshe karani kwa mazoezi. Nilisema mpaka mate yakaisha. Nilipomaliza, mgeni rasmi alipiga makofi kwa furaha kuliko wote. Alidhani ni ngonjera.

Katika yale makofi ndipo Chiriku alipoinuka. Mama yake hakumzuia. Niliona mkono wa wifi ukiinuka, kisha ukarudi mapajani wenyewe. Mtoto akavuka njia, akasimama si mbele ya baba yake bali mbele ya mzee, akamtazama kuanzia upara mpaka begi.

"Wewe ndiye mimi?"

Mzee akaendelea kuushika mkono wa Sponji. Niliona vidole vyake, vilikuwa vimekaza kama vya mtu anayevuka mto.

"Nakukaimu," akasema kwa sauti ndogo.

"Mimi sikai hivyo," Chiriku akasema. "Mimi nakunja mguu mmoja."

"Sikuambiwa."

"Na ananisikiliza? Nikiongea sana?"

Mzee akafikiri. "Anasikiliza. Hata ukinyamaza anasikiliza."

Kisha yule mzee akauachia mkono wa mdogo wangu. Aliuachia kidole kwa kidole. Akavua begi la sungura, akatoa takia la buluu, akalipangusa, akampa mtoto kwa mikono miwili kama wanavyofanya watu wanaokabidhiana ofisi.

"Hili ni lako tangu siku ya kwanza. Niliomba viatu, bado. Kuogelea, kakubali. Nilimwuliza kwa nini aliachana na mama, hajajibu. Hilo nakuachia." Akajishika kiuno. "Na mgongo ukikuuma, mwambie. Anajua."

Chiriku akalikumbatia takia, akageuka. "Shikamoo, baba."

Neno moja tu lilitakiwa. Neno alilolisotea miezi yote ile, alilolisema kwa kochi, kwa mzee, kwa ukuta. Mkuu akainua penseli. Mdogo wangu akafungua kinywa, akapiga magoti, akaushika mkono wa kushoto wa mwanawe kama kitu kilichopasuka.

"Mkono wako," akasema. "Bado unauma?"

"Kosa," Mkuu akanong'ona. "Hajaitika."

"Ulipona," Chiriku akasema. "Ndio ninaoandikia."

"Ningeachia. Siku ile. Ilikuwa niachie mimi kwanza."

"Kwa nini mliachana?"

Nilidhani atanyamaza, kama alivyozoea kupata alama. Akasema, "Mimi na mama yako kila mmoja alitaka kushinda. Kwenye kila kitu, hata chumvi ikizidi tulishindana ni nani aliyeitia. Wewe hukuwemo. Tulikuingiza sisi, pale getini, na tulikosa. Wote wawili."

"Kweli," akasema wifi kutoka upande wake. Hilo tu. Mimi ninayemjua nasema lilimtoka kama jino.

"Marahaba," mdogo wangu akasema. "Marahaba, mwanangu."

Na Chiriku, aliyenyamaza tangu getini mbele ya baba yake, akaanza. Alianzia darasani, akapitia kwa rafiki aliyevunja dirisha, akaeleza habari za jino, za binti wa mapokezi, za paka wa saluni, na hakuna aliyeweza kuingiza hata sindano.

"Nani ameruhusu hili?" Mkuu akauliza.

"Nimeshakabidhi, Mkuu," mzee akasema. "Mwenye nafasi akifika, kaimu hukabidhi."

Mkuu akafikiri. Akashusha miwani, akaipandisha. "Mbele ya shahidi?"

Mzee akamwonyesha mgeni rasmi, ambaye wakati huo kichwa kilikuwa kinaanguka na kuinuka kwa usingizi. "Mgeni rasmi amekubali," Mkuu akasema, kwa utulivu mkubwa, na akaandika. Ndivyo undugu wetu ulivyorudi rasmi: kwa kusinzia. Na kesho yake ofisi ile ilibandika tangazo inatafuta Kaimu Shangazi, mwenye sauti. Nilikwenda kulibandua. Wakabandika jingine. Nalo nalifuatilia.

Wifi alihama shule zilipofungwa, akamwachia mdogo wangu mtoto kwa wiki ya kwanza ya likizo huku akipanga vyombo. Hawajarudiana, na usiulize. Wameelewana mtoto atakuja kila likizo, na kupokezana kutafanyikia kwangu, ambako hakuna geti.

Jumamosi ya wiki ile tulikuwa karakanani. Chiriku anaongea, mguu mmoja ameukunja juu ya takia lake. Mzee akatokea mlangoni. Hakuwa na begi, hakuwa na tai, na hakuwa na neno. Alisimama pale anatafuta la kusema, maana lile la zamani lilikuwa limeshapata mwenyewe.

Mdogo wangu akaweka nyundo chini. Akafuta gundi mikononi, akamwendea, akainama sawasawa, kama mama alivyotufundisha.

"Shikamoo, mzee."

Nilimwona yule mtu akitafuta penseli ya Mkuu kwa macho. Haikuwepo.

"Marahaba," akasema. Akalionja neno, akalirudia. "Marahaba, mwanangu."

"Babu, kaa hapa," Chiriku akamwambia, akijisogeza bila kukatisha habari yake. Mzee akaja mpaka kwenye kochi. Akalibonyeza kwanza, aone springi, kisha akakaa.